Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Gari lilikuwa limeinama upande mmoja, kama mtu aliyechoka kusimama akaegemea mguu wa kulia. Shangazi aliliona hilo tangu mlangoni mwa yadi, kabla hajasalimiana na mtu. Magari mengine yote yalikuwa yamesimama sawasawa juani, yameoshwa yakang'aa. Lile dogo la rangi ya fedha, lililoegeshwa peke yake karibu na ukuta, lilikuwa limelala nyuma upande wa kulia, na ndani hamkuwa na mtu.

"Springi ya pale imechoka," akamwambia Nunu. "Limebebeshwa mizigo isiyo yake."

Nunu hakumsikia. Alikuwa ameshalipenda.

Nunu alikuwa binti wa kaka yake, amemaliza shule juzijuzi, na leseni yake ilikuwa mpya kiasi kwamba bado aliitoa mfukoni kuitazama. Alikuwa na haya ya kupindukia. Akijikwaa kwenye kiti alikiomba radhi kiti. Mama yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili, wa kupelekwa kliniki kila mara. Baba yao alifanya kazi mbali. Alimpigia dada yake simu: "Wewe ndiye unayeyajua magari. Mtafutie mwanangu gari lisilomwacha njiani na kichanga mkononi."

Shangazi aliyajua kweli. Miaka yote aliendesha gari la kusambaza mikate, na mtaa mzima ulimwita Mama Mkate, ingawa hakuwahi kukanda unga wa mtu. Asubuhi ile walikuwa wameshakataa magari kadhaa. Moja lilitoa moshi wa buluu. Jingine lilipakwa rangi mpya juu ya kutu, na Shangazi akaibandua kwa ukucha mbele ya muuzaji.

Hili la fedha lilimshangaza. Alifungua boneti injini ikiwa bado baridi, kama alivyopenda, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huwa na la kuficha. Oili ilikuwa safi kama asali. Hapakuwa na mahali panapovuja. Tairi zote zilikuwa zimelika sawa, isipokuwa ya nyuma kulia, iliyolika kama ya lori. Akafungua mlango wa upande huo na kuingiza kichwa.

Nje bati la gari lilichoma kiganja. Kiti cha nyuma kilikuwa baridi kama mtungi, na kilinuka maziwa yaliyoungulia sufuriani.

"Mlikuwa mnabeba maziwa humu?" akauliza.

"Mwenyewe alikuwa na watoto," akajibu dalali wa yadi, akiwa amesimama mbali, upande wa mbele.

"Alikuwa?"

"Ana. Ana watoto, dada yangu." Akacheka peke yake.

Shangazi akataja ile springi ili apunguziwe bei. Dalali akapunguza kabla hajamaliza sentensi. Akataja tairi, akapunguza tena. Tangu azaliwe Shangazi hakuwahi kumwona dalali anayekubali kirahisi hivyo. Ufunguo wenyewe hakumpa mtu mkononi, aliuweka juu ya boneti na kurudi nyuma.

"Mrembo aendeshe mwenyewe," akasema. "Zungukeni nalo, mlisikilize."

"Wewe huji?"

"Niende wapi na jua hili? Nawaamini."

"Dalali ananiamini," Shangazi akanong'ona akifunga mkanda. "Leo kuna jambo."

Wakatoka kwa barabara ya nyuma ya maghala, iliyokuwa tupu saa zile. Injini ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Breki zilishika. Nunu alitabasamu hadi masikioni.

"Shangazi, hili ndilo."

"Ngoja kwanza. Geuza hicho kioo, mbona kinatazama kiti cha nyuma?"

Nunu akakigeuza. Walipopita ghala moja, kikawa kimerudi kutazama kilekile kiti. Akakigeuza tena, akakiambia "samahani" kwa mazoea, na Shangazi akacheka. Kisha taa ya mkanda ikawaka kwenye dashibodi, ikaanza kulia ti, ti, ti.

"Funga mkanda, Nunu."

"Nimefunga, shangazi."

"Na mimi nimefunga."

Wakatazamana. Nyuma yao springi ya kiti ikalia polepole, kama inavyolia mtu mnene anapojiweka sawa, na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikaja mbele na kujaa puani.

"Hodi," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya bibi mzee, ya upole, ya jirani aliyekuja kuomba chumvi, nayo ilitoka karibu kabisa na shingo zao. Na kabla Shangazi hajageuza kichwa, kabla hajapata hata nafasi ya kumziba mdomo mtoto wa watu, Nunu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuiacha hodi ya mtu ikaning'inia bila jibu, akasema kama alivyofundishwa tangu hajaota meno:

"Karibu."

Taa ya mkanda ikaendelea kulia. Kwenye kioo wakauona mkanda wa nyuma ukivutika wenyewe kutoka ubavuni mwa gari, polepole, ukipita juu ya kitu ambacho macho hayakukiona lakini kilikuwa na kifua na tumbo kubwa, maana uliviringika pale palipokuwa na tumbo, ukashuka, ukatafuta tundu lake, ukaingia. Ta! Taa ikazimika.

"Asante, mjukuu wangu," ikasema sauti. "Kumbe bado wapo watoto waliolelewa. Haya, twende nyumbani. Nguo zako zinanukia maziwa ya mama. Kuna kichanga kwenu, au sivyo?"

Nunu aliukaza usukani kwa mikono yote miwili. "Shangazi," akanong'ona, "nimefanya nini?"

"Tazama mbele. Usimjibu tena neno. Turudi yadi."

"Yadi kufanya nini?" akauliza yule wa nyuma. "Kwenu ni kushoto hapo."

Na usukani ukaanza kwenda kushoto wenyewe, si kwa nguvu, bali kama unavyovutwa na mtoto anayetaka apelekwe dukani, na Shangazi akaudaka kwa mikono yote miwili, Nunu akaung'ang'ania, wakauvuta kulia huku gari likipepesuka katikati ya barabara na huku nyuma yao yule bibi akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembeleza mtoto, akisita kila baada ya mstari kama anayesikiliza kama mtoto ameshalala. Wakafika yadi wameloa jasho, na vioo vyote vimeingia ukungu kwa ndani.

Shangazi akaruka nje, akamtoa Nunu, akafungua mlango wa nyuma kwa hasira.

"Toka!"

"Wewe ulinikaribisha?" sauti ikauliza, na ikacheka.

Dalali alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mkono mdomoni.

"Ameitikia?" akauliza.

"Ulijua!" Shangazi akamwendea. "Ulijua ukamwambia mtoto aendeshe!"

"Kila anayelinunua analirudisha baada ya msiba, dada yangu, na yule bibi hurudi nalo. Mimi nifanye nini? Mimi nauza."

"Na yule mwenye watoto?"

Dalali akatazama viatu vyake.

"Mganga hujamwita?"

"Nilimwita. Akafukiza, akambembeleza kwa maneno matamu, akamwita bibi, bibi. Yule bibi alipenda sana. Akamwambia mganga arudi tena." Akalitupia gari jicho. "Anayeweza kumtoa ni yule aliyemkaribisha, basi. Na wote wanashindwa. Wanaanza na samahani, wanaishia kumpa pole."

"Basi baki na gari lako. Sisi tunaondoka kwa miguu."

"Nendeni," sauti ikasema kutoka kwenye gari. "Sikukaribishwa na gari mimi. Nimekaribishwa na mtoto. Nitakuja nyuma yake, taratibu, na miguu yangu hii mibovu."

Shangazi akasimama palepale. Akamtazama Nunu, na akajua kwamba hapo hana la kumsaidia. Angeweza kumbebea mzigo wowote, huu haubebeki na mwingine.

"Nunu, mwanangu. Yote tuliyokufundisha kuhusu wageni, yasahau."

Nunu akasogea mlangoni. "Samahani, bibi," akaanza, sauti haisikiki. "Kama hutajali…"

"Aa, mtoto mzuri," ikasema sauti, na gari likainama zaidi. "Utanifukuza? Mtu mzima kama mimi? Jua lote hili? Mama yako atasemaje akisikia? Nasikia ana mshono, maskini. Acha nimsaidie kulea. Niachieni hicho kichanga mchana mmoja tu. Hata hatajua."

Shangazi alimwona Nunu akiinua kichwa, na uso ule uliozoea kutazama chini ukatazama ndani ya gari moja kwa moja.

"Umesemaje?"

"Mchana mmoja tu, mjukuu…"

"Mimi si mjukuu wako."

Akaingiza mikono yote miwili ndani, akautafuta ule mkanda, na baridi ikampanda hadi viwikoni, na kitu kikamshika vidole, kikavibana, kikamwita kwa sauti ya mama yake, kisha kwa sauti ya baba yake kwenye simu yenye mikwaruzo, kisha kikalia kama kichanga chenye njaa, kile kilio chembamba anachokijua kila aliyekesha nacho, na Nunu machozi yanamtoka lakini mikono haikurudi, ikabonyeza, ikabonyeza, mpaka mkanda ukafyatuka.

"Nilikukaribisha mimi, nakutoa mimi! Toka!"

"Mtoto huna adabu!" ikafoka sauti, na sasa haikuwa ya bibi wala ya mtu.

"Sina!" akapiga kelele Nunu. "Sina adabu, sina haya, sina huruma na wewe! Mdogo wangu humgusi! Toka kwenye gari langu! Toka!"

Springi ikalia. Gari likainuka kama linalovuta pumzi, likasimama sawasawa. Kitu kikapita kati ya Nunu na Shangazi, kizito, kinanuka maziwa ya kuungua, vumbi likitimka chini yake, kikapita geti na kutoka barabarani. Ukungu ukafutika kwenye vioo. Shangazi akaingiza mkono: kiti kilikuwa cha moto kama kiti chochote kilichoachwa juani.

Dalali akasogea, akapapasa paa la gari kwa mara ya kwanza siku ile, akalizunguka, akachungulia nyuma. Rangi ikamrudia usoni.

"Sasa, mrembo," akasema, "unaelewa kwamba gari likiwa katika hali hii bei yake inakuwa nyingine."

Shangazi alifungua mdomo. Nunu akawahi.

"Bei ni ile uliyoitaja ukiwa umesimama kule mbali, ukingoja niliwe. Na tairi ya nyuma kulia utatuwekea mpya. Sasa hivi, tunakusubiri."

Dalali akamtazama Shangazi kutafuta msaada. Shangazi akatazama mawingu. Tairi ikaletwa.

Jua lilikuwa bado lipo walipoanza safari ya nyumbani. Nunu aliendesha mgongo umenyooka. Gari lilikwenda kama maji. Kwenye makutano taa nyekundu ikawasimamisha, na bibi mmoja aliyekuwa kando ya barabara akashuka na kikapu chake, akagonga kioo kwa kidole.

"Mwanangu, nisogeze hapo mbele tu. Miguu imekwisha."

Nunu hakugeuka. Akabonyeza kitufe, milango yote ikajifunga kwa pamoja. Taa ikawa kijani, akaondoa gari. Shangazi akageuka kutazama. Bibi alikuwa ameweka kikapu chini, anajifuta jasho kwa ncha ya khanga. Alikuwa na kivuli. Ndara zake zilikuwa za rangi mbili tofauti.

"Nunu," akasema Shangazi polepole, "na kama yule alikuwa bibi wa watu tu?"

"Atapata gari jingine."

Shangazi akatazama nyuma tena. "Na kama siye?"

"Atapata gari jingine," akasema Nunu, na akabadilisha gia.