Kitanda cha Mama Dancille Juu ya Mawingu

Mardi, siku ya safari, saa tatu na dakika tano ya asubuhi, simu ya Mama Dancille ililia mu nyumba yake ya mbao, ku Majengo ya Goma. Mutu wa kwanza kujua kwamba ni ubaya alikuwa jirani yake Mama Julie, aliyekuwa amekaa mulangoni akishona kifungo cha koti ya safari ya Dancille. Alimuona Dancille akisikiliza, kisha uso wake, uliokuwa unacheka tangu juzi dimanche, ukafunga kama butiki siku ya masasi ya bunduki.

"Kiti changu cha ndege kimefutwa," Dancille akasema. "Janvier anasema jana nilipiga simu, nikafuta mimi mwenyewe."

"Na ulipiga?"

"Mama Julie, mi najua kupiga kengele ya kanisa. Simu, ni Bénita ananipigiaka."

Mama Julie akakata uzi kwa meno, akaweka koti chini. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Nyiransengimana, lakini avenue nzima ilimuita kwa jina la binti yake, na avenue ileile ilimuweka kuwa mukubwa wa nyumba kumi. Sufuria ikipotea, panga likipotea, bwana ya mutu akipotea, waliita kwanza Mama Julie. Masomo yake hayakuwa mengi. Alikuwa na masikio, na hakuwa na haraka.

Ila siku hiyo haraka ilikuja yenyewe. Tangu vita ya karibuni, barrière ya mpaka, ya kwenda Gisenyi, ilikuwa inafungwa saa tisa. Gari ya Kigali ilikuwa inangojea ng'ambo ile, ndege ilikuwa ya usiku uleule, na siku tatu baadaye, vendredi, daktari wa Montréal alikuwa anaingojea nyonga ya Dancille, yenye chuma ya bombe tangu mwaka wa 2012. Madaktari wa Goma walisema wazi: anaweza kusafiri, lakini si kwa kukaa. Akikunja nyonga ile kwa muda wa saa kumi na sita, hatatembea tena. Lazima alale.

Ndiyo sababu ya kiti. Janvier, mutoto wake wa kwanza, alikuwa anatengeneza mashini za hospitali kule Canada, leo muji huu, kesho muji ule, kila mara kwa ndege. Na kampuni ya ndege, kwa kila safari, ilimuandikia pointi, kama vile mama wa mikate anavyokuhesabia: nunua kumi, wa kumi na moja unakula bure. Janvier hakula. Miaka sita alipanda nyuma, magoti ku kidevu, akiacha pointi zizae, mpaka zikatosha kiti kimoja cha mbele, kile cha wakubwa, kinachofunguka kikawa kitanda.

Avenue yote ilikijua kiti kile, kwa maana Dancille hakunyamaza. Atapewa viatu vya kitambaa. Atatandikiwa meza akiwa mbinguni. Blanketi itakuwa yake peke yake. Watu walimupongeza kwa midomo, na macho yakaenda pengine. Mama Julie mwenyewe, ambaye hakuwa amekanyaga hata ngazi ya ndege, alishona kifungo kile mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alijichoma kidole, na alijua sababu ya kujichoma.

Akachukua simu. "Janvier, mutoto wangu, ni Mama Julie. Uniambie polepole."

Kule ilikuwa saa nane ya usiku. Sauti ya Janvier ilikuwa ya mutu aliyelia akamaliza.

"Jana lundi, saa nane na dakika kumi ya mchana ya Goma, mwanamuke alipiga ku bureau ya ndege ya Kigali kwa simu ya mama. Akasema yeye ni Dancille, hasafiri tena, wafute. Wakamuuliza swali ya siri. Akajibu."

"Swali gani?"

"Ile niliweka mimi wakati nilifungua konti ya pointi: jina ya munyama wako wa kwanza. Wanasema alijibu palepale, hata hakufikiri."

"Na pointi?"

"Ukifuta siku moja mbele ya safari, pointi zinakufa. Miaka sita, Mama Julie. Lakini mukubwa wa bureau amenihurumia. Anasema yule aliyepiga apige tena na simu ileile, akubali kwa kinywa chake kwamba alidanganya. Kiti atakishika mpaka saa nane. Kisha anakipa mwengine."

Mama Julie akatoka nje, mbali na masikio ya watu, akamuuliza jibu lenyewe lilikuwa nini. Janvier akamuambia.

"Mama yako analijua jina hilo?"

"Hapana," Janvier akasema. "Hakuwa hapo."

Saa tatu na nusu Mama Julie akaanza kazi. Lundi Dancille alikuwa ku kanisa, kwa maombi ya kumuaga, tangu saa saba mpaka saa tisa. Simu aliiacha juu ya meza, ku batri ya jua, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Watu watatu walikuwa wanaingia na kutoka mu nyumba ile.

Wa kwanza alikuwa Bénita, muke wa mutoto wa pili wa Dancille. Alimukuta uani anachambua majani ya lenga-lenga.

"Jana saa nane ulikuwa wapi, mama?"

"Ku robinet, kuteka maji. Nilikuwa nyuma ya bidon makumi tatu."

"Nani alikuona?"

"Bidon. Wenye bidon walikuwa ku kivuli."

"Na safari ya mamamkwe wako, unaifurahia?"

Bénita akatupa jani bovu. "Nikuambie ukweli? Nilimuomba Janvier aache kiti ile moja ya mbele, achukue viti viwili vya nyuma, bwana yangu amusindikize mama. Akakataa. Basi mama atalala juu ya mawingu, sisi tutabaki kulala juu ya mawe ya volcan. Nilisema hivyo, na avenue yote ilisikia. Mutu anasemaka kwa nguvu vile, atafanya kwa siri juu ya nini?"

"Munyama wa kwanza wa Janvier alikuwa anaitwa nani?"

"Gaju. Ng'ombe ya Masisi. Mama anatuelezaka Gaju kila Noeli mpaka chakula kinapoa."

Wa pili alikuwa Fiston, mupangaji wa chumba cha nyuma, fundi wa simu. Mbele yake simu saba zilikuwa zimepasuliwa tumbo.

"Ni wewe uliweka mambo ya ndege mu simu ya Dancille."

"Njo mimi. Na nilimuambia Janvier watu wanauzaka pointi ku internet, nimutafutie mununuzi. Alinitukana kwa Kifaransa, hata sikumaliza kuelewa."

"Aliyepiga alikuwa na sauti ya mwanamuke."

Fiston akabana pua. "Allô, ni mama yake Janvier, naomba Bwana awabariki." Ilifanana vizuri mpaka Dancille mwenyewe akaitika kutoka salon: "Abee?"

Mama Julie akaficha kicheko mu kitambaa. "Fiston, unajitafutia kashoti ya polisi."

"Mama Julie, angekuwa mimi ningeuza. Hapa hakuna aliyeuza. Pointi zimekufa tu, hazikumusaidia mutu. Huyu hakutaka kiti. Alitaka kiti kisiwe."

Neno lile Mama Julie akaliweka moyoni. "Na munyama wa kwanza wa Janvier?"

"Gaju. Nani mu avenue hii hajui Gaju?"

Wa tatu alikuwa Eugénie, mudogo wake Dancille. Tangu vita ilipomutoa Rutshuru, alikuwa analala chini ya bâche ya wakimbizi, ku kambi ya Munigi, na wiki ile alikuja kila siku kwa miguu kusaidia dada yake. Alikuwa amesimama ku meza na pasi ya makaa, akinyoosha vitenge vya safari.

"Jana nilikuwa hapa na pasi hii," akasema kabla ya kuulizwa. "Nani mwengine angefanya? Samedi, siku tatu zimepita, Janvier aliniona mu simu. Aliniambia: 'Mama mudogo, umusaidie mama kufunga valizi.'" Akapeleka pasi mpaka pembeni, akairudisha. "Ndivyo alisema. Umusaidie."

"Uliona mutu akishika simu?"

"Niliona vitenge."

Mama Julie akafunua vile vilivyokwisha kukunjwa. Ku kitenge cha bluu, kile ambacho Dancille alitaka kushuka nacho Montréal, palikuwa na alama ya kahawia, mufano wa pasi, yenye ncha yake. Eugénie alikuwa amewapigia mapadri pasi miaka kumi. Hakuna kanzu aliyounguza.

"Hii iliungua lini?"

"Jana."

"Ukiwa unaangalia vitenge?"

Mama Julie akakikunja kitenge, alama ikiwa ndani. Kwa Eugénie hakuuliza habari ya munyama.

Saa saba kamili akawakalisha wote mu salon, kati ya valizi mbili zilizofungwa kamba. Simu aliiweka juu ya meza.

"Dancille," akasema, "Janvier alichagua swali ya munyama wa kwanza. Wewe ungejibu nini?"

Dancille akajinyoosha, nyonga ikamuuma, akajinyoosha tu. "Gaju. Baba yake alimupa siku ya kumuita jina. Nilimubeba mutoto nikamushikisha pembe. Munaona? Yuko mbali vile, na hajasahau ng'ombe ya baba yake."

"Sasa tuseme ni Gaju," Mama Julie akasema. "Basi funguo ilikuwa mu mikono ya kila mutu. Bénita anaijua, Fiston anaijua. Na aliyelalamika kuliko wote ni Bénita. Bénita, uvae viatu, tutaenda ku commissariat ya polisi."

"Mimi?" Bénita akasimama. "Kwa sababu ya mawe ya volcan?"

Lakini Dancille alikuwa bado na utamu wa neno lake. "Kila mara anafungua mambo yake, anaita Gaju," akasema. "Mutoto hasahau maziwa ya mama yake."

"Gaju gani?"

Sauti ilitoka upande wa pasi. Wakageuka. Eugénie alikuwa anamuangalia dada yake peke yake.

"Gaju ilikufa Janvier hajaota meno. Aliijulia wapi? Munyama wa kwanza wa Janvier ni Sukari. Kuku. Masisi ilipowaka, mwaka wa 96, wewe ulikimbilia pori, mi nilimubeba mutoto wako mugongoni mpaka kambi ya ng'ambo ya mpaka. Alikuwa ameacha kuongea. Miezi mitatu, hata neno. Nikavua kitenge changu nikakibadilisha na kuku, na ku kuku ile njo akaanza tena kuongea. Alimuita Sukari, juu sukari hatukuwa nayo. Wewe na Gaju yako mulikuwa wapi?"

"Eugénie," Mama Julie akasema polepole, "jibu lilikuwa Sukari."

Eugénie akamuangalia kama mutu aliyeitwa kwa jina la mwengine.

"Janvier aliniambia asubuhi. Watu wanaojua jina hilo ni wawili mu dunia hii. Mumoja yuko Montréal. Mwengine jana alikuwa hapa na pasi, akaiacha juu ya kitenge muda wa kupiga simu. Mwizi mwengine yeyote angesema Gaju, na mulango ungekataa. Wewe hata hukufikiri, kwa sababu kwako munyama mwengine hakuna."

Eugénie akakaa chini, juu ya valizi.

"Miaka ine nilikuwa mama yake," akasema. "Ulipopatikana nilimurudisha kwa mukono wangu, sikuomba kitu. Samedi nilingoja neno moja. Akaniambia nifunge mizigo." Akamuinulia dada yake macho. "Wiki nzima unaniambia blanketi, unaniambia meza. Nikirudi Munigi nalala juu ya jiwe, nahesabu. Nilitaka tu usilale juu kuliko mimi. Nilizani pointi zitamurudia. Sikujua zinakufa."

"Ulisikia kufunga mizigo," Mama Julie akasema, "na mi sikulaumu, lilikuwa neno la mutoto asiyefikiri. Lakini miaka sita, kila mara akifungua mali yake, aliita kuku yako. Kiti cha mama yake alikifungia ku kitenge chako kile cha kuku."

Eugénie akaweka mikono juu ya uso, akakaa hivyo. Kisha akanyoosha mukono mumoja mbele, kama kipofu, akitafuta simu.

Saa saba na dakika arobaini Fiston akamubonyezea namba. Eugénie akasema jina lake lote, akasema alidanganya, akasema dada yake hakujua. Yule wa bureau akasikiliza, kisha akauliza, kwa kazi yake, swali ileile. Mara hii Eugénie alichukua wakati.

"Sukari," akasema.

Saa saba na dakika hamsini na tano ujumbe ukaingia. Kiti kimerudi.

"Na mi commissariat?" Bénita akauliza.

"Nilikubebesha aibu ya nusu saa," Mama Julie akasema. "Nitakulipa na blouse."

Ku barrière walifika saa nane na dakika thelathini na tano. Dancille alitembea na fimbo, koti mabegani. Eugénie alibeba valizi moja ku kichwa, Fiston ya pili. Toka Majengo dada wale wawili hawakuongea. Pale wanaposimama wasio na karatasi za kuvuka, Dancille akasimama pia.

"Hiyo kuku," akasema. "Ilikuwa rangi gani?"

Eugénie akatua valizi. "Unauliza kwa sababu gani?"

"Miaka yote hii sikuuliza. Niliogopa utaniambia kwamba kule mulikuwa muzuri bila mimi."

Eugénie akaangalia lami. "Nyeupe. Shingo bila manyoya."

"Ilikuwa inataga?"

"Leo ndiyo, kesho hapana. Yai alikula yeye."

"Na wewe ulikula nini?"

Askari akaita watu waharakishe. Mama Julie akaona saa: zilibaki dakika kumi na tisa, akawaachia.

Dancille akaegemeza fimbo ku valizi, akatoa koti mabegani, mukono mumoja kisha wa pili, akamuvalisha mudogo wake.

"Kule ni baridi," Eugénie akasema.

"Na Munigi? Mi watanipa blanketi."

Akafunga kifungo kile cha katikati, kilichoshonwa mara mbili, akakivuta kidogo kuona kama kinashika. Kilishika. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda.