Kifungu cha Kumi na Nne

Mwewetiba, chombo cha wagonjwa kirukacho bila rubani, kilitua juu ya paa la soko la Mkongeni na kumnyanyua fundi aliyeanguka kutoka jukwaani. Dakika nne tu! Ilikuwa siku ya tatu tangu Sheria ya Huduma za Dharura ianze kutumika jimboni. Mhandisi Nunuu Shekimweri, aliyekibuni chombo hicho, alitazama kioo cha ukumbi wa uongozaji akitabasamu kama mama wa bibi harusi.

Punde simu nyingine iliingia. Bongosauti, mashine inayopokea simu na kupima uzito wa dharura, iliuliza: "Hujambo? Unaendeleaje?"

"Sijambo, mwanangu, twamshukuru Mungu," ilijibu sauti ya kikongwe. "Habari za kazi? Huku kwema tu, ila mzee kifua kinambana, na sasa hasemi."

Nani asiyejua kwamba kwetu salamu hutangulia hata nyumba ikiwaka moto? Bongosauti haikujua. Iliandika: daraja la tano, asubiri.

Nunuu alikimbilia kitufe cha msikilizaji, binadamu ambaye kifungu cha kumi na nne kilimpa mamlaka ya kuipinga mashine. Kitufe kilikuwa kimezimwa. Akampigia Mheshimiwa Lugendo, mbunge aliyewasilisha muswada. Zamani, kabla ya uhandisi na ubunge, walifanya kazi miaka tisa katika gari moja la wagonjwa, Lugendo akiwa dereva, Nunuu muuguzi.

"Kifungu changu kiko wapi, Lugendo?"

"Kilifutwa siku ya kura. Bila hivyo muswada ungeanguka, dada yangu."

"Wewe unajua watu wetu wanavyopiga simu! Umewasikia kwa masikio yako!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Ungekataa kwenda redioni kuitangaza sheria."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nunuu alijiona mjinga. Alinyakua mkoba wa dawa, akapanda pikipiki hadi nyumba ilikotoka simu. Mzee alikuwa ameshafunikwa shuka, na mkewe, Bi Semeni, ameketi mkekani.

"Pole sana, bibi. Mimi ni..."

"Sauti yako naijua," alisema Bi Semeni. "Ulisema redioni tusihangaike tena kubeba wagonjwa, tupige simu, tungoje. Majirani walikuja na machela, mwanangu. Niliwarudisha. Niliwaambia, Nunuu amesema tungoje."