Aliyempisha Mwenzake

"Usinitazame mimi. Tazama kazi yako."

Ujumbe ulitua kimyakimya kwenye simu ya Bradley. Aliinua macho na kumwona aliyeuandika, safu ya tatu: Kendi, bado na sare yake ya unesi, mikono ameikunja kifuani.

Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya snuka, ule mchezo wa mipira ya rangi mezani, ya kuwania nafasi kwenye orodha ya ubora duniani, na Bradley, kijana wa IT kutoka Vihiga, ndiye aliyekuwa akiingiza pointi kwenye skrini kubwa ya ukumbi. Mle ndani hata kukohoa ni kosa. Mtu akitaka kugombana na mpenzi wake, itabidi agombane kwa vidole.

"Umefuata nini hapa?" Bradley akaandika.

"Nimefuata majibu. Siku ya Jumamosi uliniandikia upuuzi gani?"

Bradley aliujua ule upuuzi kwa moyo. Alikuwa ameuandika akilia chumbani kwake Umm Salal, huku ughaibuni, baada ya Nick anayeishi naye kumwambia kwamba wazee wa kina Eugene, Mkenya mwenzao wa kanisani, wamefika kwa kina Kendi, Meru, wakiwa na mbuzi wa posa. *Nimesikia. Eugene ni mtu wa heshima. Sitakusumbua tena. Nakutakia kila la heri.* Alipoutuma alijiona muungwana kwelikweli. Wanaume wengine bwana!

"Nilikuwa nakupa nafasi," akajibu.

Kendi alikuwa akitazama meza, ambapo Mbelgiji mmoja mwenye mvi alikuwa anaizunguka taratibu. Alikuwa nyuma pointi thelathini na nne dhidi ya kijana wa Kichina, na mipira yote iliyobaki mezani ilikuwa na thamani ya ishirini na saba tu. Kila mmoja alikuwa ameshinda michezo minne, au fremu, na hiyo ndiyo fremu ya mwisho.

"Huyo mzee hajui hesabu?" Kendi akauliza.

"Anajua. Anataka kuuficha mpira mweupe nyuma ya mingine ili mwenzake akosee, apewe pointi za kosa. Anahitaji makosa mawili."

"Anaruhusiwa kuacha?"

"Ndiyo. Wengi wakifika hapo humpa mwenzao mkono, yakaisha. Ni heshima."

"Heshima kwa nani?"

Bradley akausoma ule ujumbe mara ya pili. Wakati huohuo Mchina akakosea. Mwamuzi akatangaza kosa, pointi nne. Bradley, akili ikiwa kwenye simu, akazibonyeza pointi upande wa Mchina.

Skrini ikaonyesha tofauti ya thelathini na nane. Ukumbi ukaguna. Mwamuzi akageuka na kuielekezea skrini kidole.

"Bradley!" Sauti ya Hannah, bosi wake Mganda, ilimchoma sikioni kupitia kifaa cha mawasiliano. "Ssebo, umempa mwenye kosa! Rekebisha sasa hivi, na hiyo simu weka chini!"

Akarekebisha. Thelathini. Akathubutu kutupa jicho safu ya tatu. Kendi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanacheza. Anacheka! Bradley alipata nafuu ambayo hakuistahili.

Mbelgiji aliuficha mpira tena, na tena. Mara mbili Mchina akautoa kwa ustadi. Mwishowe Mchina akauingiza mpira wa njano, na hapo hata Mbelgiji akaona basi. Akatoa mkono. Tano kwa nne. Bradley akaingiza matokeo, na watu wakasimama kumpigia aliyeshindwa makofi marefu kuliko waliyompigia mshindi.

Alimkuta Kendi nje, kwenye kivuli cha jengo, joto likipanda kutoka kwenye sakafu ya maegesho.

"Hongera," Bradley akaanza. "Kwa Eugene."

"Wee Bradley, usinichokoze."

"Si wazee wamekuja na mbuzi?"

"Walikuja. Na baba akanipigia, nikamwambia simtaki. Mbuzi wakarudishwa siku hiyohiyo."

"Siku gani?"

"Alhamisi. Kabla hujaniandikia."

Bradley akahesabu siku: Alhamisi, kisha Jumamosi.

"Nilitaka nikuambie uso kwa uso," Kendi akaendelea, na sasa hakukuwa na kicheko. "Nilikuwa nimebadilishana shifti na Chebet ili nije Umm Salal Jumamosi. Niko kwa kituo cha basi Muaither, nimevaa, nimejipaka mafuta mazuri, ndio nikasoma ule ujumbe wako. Nimekataa mwanaume kwa sababu yako, na wewe ushanigawa."

"Kendi, yeye ana nyumba Nairobi. Ana gari. Nikajilinganisha, nikaona..."

"Uliona! Mimi uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utasema ni yeye." Macho yalimjaa maji. "Nakupenda mpaka nikashindwa kuuliza. Huo ndio ukweli."

Kendi akatikisa kichwa.

"Aki mimi pia nakupenda, na hiyo ndiyo shida. Sijui kama naweza kuolewa na mtu anayesikia maneno ya Nick akampisha mwenzake. Kesho ukisikia mengine je?"

Teksi yake ikafika. Akapanda bila kuaga.

Ijumaa, siku ya mapumziko ya nchi ile, baada ya misa kule Mesaimeer, Wakenya walikuwa wamejaa uani wakisalimiana na kupiga picha. Kendi alisimama na wanakwaya wenzake, na hatua chache tu kutoka hapo alikuwa Eugene mwenyewe, suti ya bluu, anaongea na waumini wenzake, Velma na Nyaboke. Bradley akawapita wote, akasimama mbele ya Kendi. Maongezi yakafifia.

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Nilikosa kukuuliza wakati ule. Utanikubali?"

"Eugene yuko hapo. Anakusikia."

"Najua."

"Huogopi?"

"Naogopa sana."

"Na nikikataa?"

"Nitaumia. Lakini nitakuwa nimesikia kwako, si kwa Nick."

Velma akaguna. Eugene akainamia viatu vyake, maskini, kisha akaondoka polepole kuelekea lango. Naye hakuwa mtu mbaya.

Kendi akatoa simu kwenye mkoba, akabonyeza namba, akaweka spika, akamkabidhi Bradley.

"Haloo?" Sauti nzito ya baba yake kutoka Meru. "Kendi?"

"Shikamoo mzee. Si Kendi. Ni Bradley."

"Bradley gani? Yule aliyempisha mwenzake?"

Ua mzima ulimsikia mzee.

"Ndiye mimi, mzee."

"Unasemaje?"

"Nampenda binti yako. Naomba ruhusa wazee wangu waje."

Upande wa pili kukawa kimya. Bradley hakuujaza ule ukimya kwa kuomba radhi wala kwa kuaga. Alisubiri.

"Huyo msichana anasemaje?" mzee akauliza.

Bradley akamgeukia Kendi. "Baba anauliza unasemaje."

"Mwambie nimekubali," Kendi akasema, machozi yakimtiririka. "Mwambie kwa sauti."

"Amekubali, mzee!"

"Basi walete. Na uwaambie wazee wako, wakikuta wengine langoni, wasimpishe mtu."