Mbwa Ishirini na Saba wa Kivukoni

— Huyo ni wa ngapi?

Dionisi alikuwa anashuka kwenye mtumbwi, upondo mkono mmoja, na kwapani amebana mbwa mwekundu aliyekonda mpaka mbavu zake unazihesabu ukiwa ukingoni.

— Nimekuuliza, Dionisi.

— Wa ishirini na saba. Lakini si mpya, Balbina. Huyu ni yule wa Eustaki, alikata kamba mwaka jana. Nimemkuta ng'ambo kwenye mahame, anakula panya.

Balbina akashusha mtungi wake chini polepole, kwa sababu angeendelea kuushika ungemponyoka.

— Kwa hiyo mbwa mmoja tu mwenye akili hapa kivukoni alitoroka, na wewe umemfuata umrudishe.

Dionisi akamfunga mwenye akili kwenye kigingi, pamoja na wenzake. Walikuwa wamepangwa kando ya Mto Kilombero kama mahabusu wa Mdachi, kila mmoja na kigingi chake, kila mmoja na kidonda cha kamba shingoni. Chakula chao kilikuwa vichwa vya kambale, siku mto ukiwa na huruma. Siku mto ukinuna, walilambana vidonda.

Vita vya maji vilikuwa vimepita karibu miaka miwili. Wakati ule vijana wa upande wa Ifakara walivushwa na Dionisi usiku na mchana kwenda kupigana upande wa Mahenge, na waliambiwa wasiende na mbwa, maana mbwa hubweka mahali pa kunyamaza. Basi kila aliyefika ukingoni alimkabidhi Dionisi kamba na kusema neno lile lile: nitunzie, baada ya siku tatu narudi. Walikuwa wanaamini kabisa. Risasi ingegeuka maji, boma lingeanguka, nao wangewahi kupalilia. Dionisi alipokea kamba ishirini na saba. Alikuwa na miaka ishirini na mdomo usiojua kukataa.

Mmoja wa waliokabidhi alikuwa Nikodemu, kaka yake Balbina. Mbwa wake, mweusi mwenye sikio moja, alifungwa karibu na mlango.

Balbina alikwisha kusema maneno yote anayoyajua. Alisema mashamba yote ya mpunga yanaliwa na nguruwe pori kwa sababu hakuna mbwa wa kuwafukuza, na mbwa wenyewe wamefungwa hapa wanakufa njaa, na kwamba kama kuna mtu anayeielewa hesabu hiyo ajitokeze amweleze. Dionisi alimjibu kama anavyomjibu siku zote: mali ya mtu haigawiwi kabla msiba wake haujakaliwa. Ukimtoa mbwa wake, umemzika kwa mdomo.

— Nikimpa mtu mbwa wa Marselino, mkewe ataniuliza nimepata habari gani. Nitamjibu nini mimi?

— Na mimi utanijibu nini? Nyumba uliyoniahidi iko wapi? Umejenga vigingi.

— Balbina, subiri kidogo tu.

— Nimesubiri mpaka wasichana niliochezwa nao unyago wana watoto wanaokimbia. Mama atairudisha posa yako. Oa hao, wameshazoea kufungwa.

Akaondoka. Mtungi akausahau, akaona aibu kurudi kuuchukua, na hilo likamuudhi kuliko mbwa wote.

Siku ya tatu ujumbe ukaja kupitia kwa Digna muuza samaki, mwanamke ambaye ukimpa maneno matatu anafikisha tisa. Alimkuta Balbina juu ya dungu shambani, sauti imemkauka kwa kupigia nguruwe kelele.

— Dionisi anasema: "Nimekukumbuka. Mbwa mmoja amezaa. Wako sita."

Balbina akafumba macho.

— Mwambie: "Mimi sijakukumbuka. Na hao sita, nani alikukabidhi?"

— Nimwambie na kwamba umekonda?

— Sikukutuma hilo.

— Najua. Nimeshamwambia.

Asubuhi iliyofuata Balbina aliamka akakuta nguruwe wamemaliza vipande viwili vya mpunga, na kilichobaki wamekilalia kama kitanda. Hakulia. Alijifunga kanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa Aurelia, mkewe Marselino. Kama mwanaume anaogopa kuulizwa, yeye atakwenda kuuliza.

Aurelia alikuwa anatwanga. Mchi ukasimama hewani aliposikia habari ya mbwa.

— Bado yupo?

— Yupo, dada. Anakufa njaa. Njoo umchukue.

— Kwani Dionisi amesikia nini?

— Hajasikia kitu.

Aurelia akauweka mchi chini.

— Mimi kila nikipita kivukoni namwangalia yule mbwa kwa mbali, moyo unatulia. Dionisi ndiye anavusha watu, habari zote za ng'ambo zinapitia kwake. Nikasema hawezi kumtunza mbwa wa mtu aliyekufa. Maana yake Marselino yuko mahali, hai.

Balbina alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kuni.

— Dada Aurelia. Dionisi naye anakuangalia wewe. Anasema, mbona mkewe haji kumchukua mbwa? Maana yake anajua mume wake anarudi.

Kuku akapita akadonoa unga, hakuna aliyemfukuza.

— Miaka miwili sisi tunamtazama yeye, alisema Aurelia. Na yeye anatutazama sisi.

— Na mbwa wanawatazama ninyi nyote, tumbo linawauma.

Aurelia akacheka. Kicheko kikakatikia katikati, kikageuka kitu kingine, na Balbina akamshikilia mabega mpaka kilipokwisha.

Kwa siku mbili walizunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba walikuta kosa lile lile. Siku ya tatu wanawake wakashuka kivukoni. Dionisi alipowaona wanakuja kwa wingi hivyo, alishika upondo kama mtu anayefikiria kuvuka peke yake na asirudi.

— Tumekuja kuchukua mbwa wetu, alisema Aurelia. Tukakae misiba yetu.

Dionisi akapiga magoti kufungua kamba. Mbwa wa Marselino alimnusa Aurelia miguu, akamlalia juu ya nyayo, na hapo kilio kikaanza, kilio cha miaka miwili kwa mkupuo. Wa Eustaki hakutaka kwenda na mtu, akamchagua Digna kwa sababu ananukia samaki. Mbwa ambao wenyewe hawakuacha ndugu walipewa watu wa vijiji vya Mkula na Mbingu waliokuja kusikia kuna nini. Balbina alisimama njiani akiwatisha mmoja mmoja: kamba iwe ndefu, kidonda kioshwe, ale kabla hajalinda shamba, na nikisikia ameingia chunguni nakuja na mchi. Watoto sita wa mbwa waliahidiwa watu kabla hawajafumbua macho.

Jua likiwa linainama, vigingi vilibaki vitupu. Kasoro kimoja.

Dionisi alimleta yule mweusi wa sikio moja, akamnyooshea Balbina kamba.

— Huyo mwache kwanza, alisema Balbina.

— Mpaka lini?

— Nimesema mwache, Dionisi.

Angeweza kumcheka. Ingekuwa kinyume, Balbina angemcheka, angempa maneno ya wiki nzima. Dionisi alikaa chini tu, kamba mkononi.

— Nilikuwa namfunga mlangoni kwa ajili yako, alisema. Ukija, umwone. Nilidhani ndicho unachotaka.

— Ndicho nilichokuwa nataka. Nikawa nakugombeza kwa wale ishirini na sita.

Akaichukua kamba. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyofikiri.

— Nikodemu alinibeba mgongoni kila mafuriko, mpaka nikawa na aibu ya kubebwa. Angekuwa hai, Dionisi, angekuwa amefika. Hata kwa magoti.

— Angefika.

— Basi kaka yangu amekufa.

Walipofika nyumbani mama yake Balbina alikuwa anachagua mchele uani. Alimwona mbwa, akawatazama waliomleta, hakuuliza. Aliweka ungo pembeni, akavua shanga zake shingoni, akaingia ndani akalia. Majirani wakaja na kuni bila kuitwa.

Msiba wa Nikodemu ulikaliwa siku zake zote. Ulipopoa kidogo, Dionisi akaja kwa heshima, akapiga magoti, akauliza kuhusu ndoa, maana posa yake haikuwahi kurudishwa. Mama akamwambia nyumba yenye msiba mbichi haitoi bi harusi. Asubiri mpunga uvunwe, miezi miwili.

Balbina alimsindikiza njiani. Mwanaume alikuwa ananung'unika peke yake.

— Miezi miwili, Balbina. Miezi miwili mizima.

— Una nini wewe? Uliwasubiri watu ishirini na saba miaka miwili, hukuguna.

— Wale sikutaka kuwaoa.