Kiti cha Mbele

Soko la mtaa wa Kenya lilikuwa likichemka siku Feruzi alipomwona Nkandu kwa mara ya kwanza: kitenge cha kijani, viatu vya porini, ameinama juu ya beseni la nyama ya moshi.

"Iko swala gani hii, Mama? Ilitoka upande gani?"

Mama Kalaba akafunika beseni. "Weye uko askari?"

Feruzi, fundi cherehani wa jirani, alikuwa akishona abakosti, suti isiyovaliwa na tai, ya karani fulani. Akacheka mpaka uzi ukamkatikia. "Askari hawezi vaa muzuri namna ile, Mama!"

Nkandu alikuwa mtafiti wa wanyama pori, wa chuo kikuu. Aliamini huwezi kumlinda swala huku ukiwafukuza wanaomjua; wawindaji na wauzaji waulizwe, wasikilizwe, wala wasisalitiwe. Hakutulia hata akila. Wakapendana vibaya sana, na Feruzi akamdhamini kwa wamama wote. Midomo ikafunguka.

Asubuhi moja jeep ya utafiti ya Nkandu ikaingia sokoni na walinzi wawili wa pori. Nyama yote ikachukuliwa. Mama Kalaba alimtazama Feruzi, naye akatamani ardhi immeze.

Jioni simu ya dukani ikalia.

"Chéri, mupenzi, ni miye..."

"Usiniite chéri! Uliuzisha bamama yangu."

"Haiko miye! Chef wangu wa kazi alibeba jeep bila kuniambia."

"Bantu baliona jeep yako, Nkandu."

Akakata. Wiki nzima alizunguka cherehani, hawezi kukaa wala kushona, moyo unamwasha.

Jumamosi jeep ikarudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mabeseni yakafunikwa. Nkandu akashuka peke yake, macho yamevimba.

"Bamama, mulinyamaza, kazi ikakufa. Nilimwambia chef: nipe ufunguo, ao niache kazi. Akanipa. Hakuna mulinzi atapanda tena."

"Na kiti cha mbele?" akauliza Mama Kalaba.

"Ni yako, Mama. Twende pori, uone na macho yako. Swala banapunguka. Nilitaka mujue ninyi kwanza, kabla ya chuo."

Mama Kalaba akapanda, akatengeneza kitambaa chake kichwani.

Feruzi akasogea. "Nilikukosea, Nkandu. Bila weye siwezi. Acha nikulombe kwa baba yako, nikuoe."

"Baba ni mukatoliki, weye uko muislamu. Atakufukuza!"

"Nitarudia."

Nkandu akacheka huku akilia. Mama Kalaba akagonga mlango kwa kiganja.

"Panda nyuma, Feruzi! Baba yake haendi fasi yoyote. Banyama ndio banakimbia."

Feruzi akapanda, na abakosti ya karani ikabaki kwenye cherehani, imeshonwa mkono mmoja tu.