Kwikwi ya Tabu

Kila Jumamosi asubuhi, Dorkasi na rafiki yake Tabu walikwenda pamoja bombani kuchota maji. Pale kijijini Mlali ukichelewa bombani umekwisha. Utakuta foleni ya ndoo imefika barabarani. Siku hiyo Tabu alichelewa kuamka. Akabugia kiporo cha viazi vitamu akiwa amesimama, akashushia maji gudugudu, kisha akabeba ndoo na kumkimbilia mwenzake.

Hata hawajafika, kwikwi ikamshika. Kwik! Kwik! Kwenye foleni kila mtu akawa tabibu.

"Mbandikeni uzi kwenye paji la uso," alisema mmoja.

"Wapi! Kuna mtu anamteta huyo," alisema mwingine.

Dorkasi, mtoto mwenye maneno kama chiriku, aliona hizo zote si dawa. Dawa ni kumshtua mwenye kwikwi, na hakuna kinachomshtua mtu kama kusingiziwa wizi. Jana yake jioni alikuwa amemsikia jirani yao, mama Jenifa, akimtafuta kuku wake. Basi akapaza sauti kama askari: "Wewe Tabu! Kuku wa mama Jenifa umempeleka wapi? Nimekuona ukimtia kwenye gunia!"

Tabu akatoa macho. Kwikwi ikakata! Wakacheka, wakakinga maji, wakarudi nyumbani.

Lakini lo! Mwanamke mmoja nyuma ya foleni hakusikia mzaha, alisikia wizi. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia shoga yake. Mchana, Dorkasi alipokwenda kwa kina Tabu kufanya hesabu za shule, alimkuta mama Jenifa uani akifoka.

"Baba Tabu, mwanao ni mwizi! Ameonekana na kuku wangu kwenye gunia!"

"Ameonekana na nani?" aliuliza Castory, baba yake Tabu, ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Na watu!"

Tabu alilia mpaka kwikwi ikarudi. Alimtazama Dorkasi, kila akijaribu kueleza kwikwi ikimkatiza. Maskini mtoto wa watu!

Dorkasi alisimama mlangoni. Akisema, kijiji kizima kitamwita mwongo, na mama yake hatamwacha salama. Akinyamaza, Tabu ataitwa mwizi mpaka shuleni. Zaidi ya Tabu, hakuna aliyekuwa amemwona. Angeweza kuondoka zake kimya kimya. Akapiga hatua, akapiga magoti mbele ya mama Jenifa.

"Shikamoo, mama. Tabu hajaiba. Ni mimi niliyesema. Nilikuwa namshtua kwikwi imwache. Sikumwona na kuku wala gunia."

Castory akashauri waende wakaangalie banda la kuku kwa mama Jenifa. Huko walikuta tundu chini ya mbao, na manyoya yametapakaa mpaka vichakani. Kicheche alikuwa ameshamla kuku zamani.

Mama Jenifa akarudi, akamshika Tabu mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuita mwizi bure," alisema, machozi yakimlengalenga.

Castory akampa Tabu kikombe cha maji. "Kunywa taratibu, funda moja moja. Ukimaliza, zuia pumzi kidogo."

"Baba, kwani kwikwi inatoka wapi?" aliuliza Tabu ilipotulia.

"Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukila mbiombio, ukijaza tumbo kupita kiasi, hata ukilia sana, msuli huo unashtuka na kujikaza. Hewa inaingia ghafla, koo linajifunga, ndiyo hiyo kwik! Si kutetwa wala wizi. Nyingi hupita zenyewe. Ikizidi siku mbili, mtu aende zahanati."

Kisha akamgeukia Dorkasi, ambaye bado alikuwa ameinamisha kichwa. "Umefanya vizuri kusema kweli, binti yangu. Lakini jina la mtu si kitu cha kuchezea, hata kwa mzaha. Kwikwi nimeitibu kwa kikombe cha maji. Hilo neno lako limeshaingia nyumba nyingi. Nani atalifuata huko?"

"Mimi, baba," alisema Dorkasi.

"Hutakwenda peke yako," alisema mama Jenifa, akijifunga kanga vizuri. "Mimi pia nimelitangaza. Twende."

Wakatoka pamoja, wakaanza na nyumba ya jirani. Mama Jenifa akapiga hodi, na Dorkasi akasema ukweli wote.