Nyoka Mla Konokono

Kila asubuhi Mama Miche huanzia bustanini. Watu walimpa jina hilo kwa sababu miche yake ya kabichi haina mfano. Lakini msimu mmoja aliikuta imetafunwa, imebaki vijiti. Michirizi ya ute iling'aa juu ya udongo. Konokono wasio na gamba walikuwa wamejilia watakavyo.

Mumewe, fundi baiskeli, alishangaa. Mwaka uliotangulia alichoma nyasi zote za mpakani, akaondoa mawe na kufukia kidimbwi ili nyoka wahame. Hata hivyo, juzi tu walimwona nyoka akimfukuza panya ghalani. Aliwahi kusikia kwamba nyoka hula konokono; sasa kama nyoka bado wapo, konokono hawa wametoka wapi?

Wiki hiyo dada yake fundi, mtafiti wa nyoka, alikuja kuwatembelea. Mama Miche alimtania wifi yake kwamba safari hii asiwaletee wale jamaa zake wasio na miguu. Wifi alicheka, akazunguka bustani, kisha akauliza nyasi zilikwenda wapi. Fundi akakiri kwamba alizichoma.

"Nyoka hawafanyi kazi moja," wifi alieleza. "Huyu wa ghalani anakula panya. Amezoea kuishi karibu na watu, ndiyo maana amebaki. Yupo mwingine mdogo, mpole, anayekula konokono. Huyo anataka nyasi, mawe na unyevu. Ukimchomea makao, anaondoka na kazi yake."

"Kumbe nimemfukuza kibarua wangu mwenyewe," fundi alisema.

Mama Miche alihofia watoto wake wasije wakaumwa. Wifi akamwelekeza: kuzunguka nyumba pawe safi, pasiwe na majani marefu wala takataka. Nyasi ziachwe mbali, kule mpakani. Bustanini wavae mabuti. Nyoka yeyote asishikwe wala kupigwa, maana wengine wana sumu.

Fundi alirudisha mawe kwa toroli na kufukua kidimbwi. Walipokuwa wakingoja nyoka warudi, waliokota konokono kwa mkono. Mvua ziliponyesha, nyasi zikarudi.

Asubuhi moja Mama Miche alimwita mumewe kwa sauti ya chini. Wakasimama mbali, bega kwa bega. Nyoka mdogo wa kahawia, aliyetoka kichaka cha jirani, alikuwa akimvuta konokono kutoka chini ya jiwe.

"Karibu sana," Mama Miche alinong'ona, na fundi akashindwa kuzuia kicheko.

Msimu huo kabichi zilifunga vichwa, nzito za kubebwa kwa mikono miwili. Jirani alipoona, naye akaacha nyasi mpakani mwake. Sasa kijani cha bustani hizi mbili kimeungana, na nyoka wadogo wana njia ya kupita.